Pamoja na Makapi

Jumamosi, Nkuhungu. Umeme umerudi saa nne
baada ya kukatika mara mbili, na mara ya tatu kutuchungulia tu.
Nimepangusa vumbi jekundu kwenye matundu ya kompyuta
kwa brashi ya viatu,
nimezipanga zote tatu kama wagonjwa wa foleni:
ile ya mezani, aliyoiacha Ndahani;
mpakato wa Sechelela, herufi N imeng'oka;
na yangu, iliyojaa mitihani ya darasa la sita.

Diski ya nje nimeinunua kwa fundi Chiduo, Barabara ya Saba.
Laki na themanini, hakunipunguzia hata nauli.
Programu alinitajia tatu, kwa vidole,
akasema, "Mwalimu, chagua mwenyewe.
Mtu hachaguliwi mchumba."

Ya kwanza ni ya bure, ina adabu, inauliza:
Unataka kuhifadhi nini? Weka alama.
Picha? Nyaraka? Muziki?
Nikabaki na kipanya mkononi
kama aliyeulizwa, nyumba ikiwaka, atoe kipi.

Bibi yangu kule Mvumi alijua kuchagua.
Alipita shambani kabla ya mvunaji yeyote,
akakata masuke ya uwele yaliyoshiba,
akayafunga juu ya jiko, moshi uyalinde na fukusi.
Lakini bibi alijua msimu ujao utamdai nini.
Utamdai uwele.
Mimi sijui nitadaiwa nini.

Ya pili ni ya kulipia kila mwezi.
Nakala zipae, zikalale kwenye mashine za watu nisiowajua.
Nikapiga hesabu ya bando: gigabaiti mia mbili na arobaini.
Zabibu za Hombolo zingevunwa mara mbili
kabla haijafika nusu.
Na mwezi nisipolipa?
Hapo maandishi yakawa madogo ghafla.

Ya tatu haina sura. Kijivu, kama ukuta usiopakwa chokaa.
Inabeba diski nzima, punje kwa punje,
mfumo, mipangilio, nywila nilizozisahau,
hata takataka zilizomo pipani.
Haiulizi.
Nikaipendea hapo.

"Ngoja kwanza," alisema Chiduo,
"nakala usiyojaribu kuirejesha ni kihenge usichokifungua."
Akaniazima mashine mfu, diski yake tupu kama debe.
Jumatatu usiku nikaanza.
Asilimia kumi. Upepo ukigonga bati.
Asilimia thelathini, nikasahihisha hesabu za watoto, vibaya.
Asilimia sitini na moja taa zikapepesa,
nikaongea na Mungu kidogo,
mambo mengine hata hayakuhusu kompyuta.

Ikawaka.
Mbuzi wa Mvumi kwenye kioo,
mafaili yametapakaa kama kuku,
vilevile Ndahani alivyoyaacha.
Moja linaitwa *mpya mpya 2 ya mwisho kabisa*.
Ni barua kwa ofisi ya ardhi kuhusu kiwanja chetu,
imeishia hapa: "Kwa heshima naomba nielezwe kwa nini"
bila nukta.
Chini yake, kwa herufi ndogo:
mafuta ya kula, betri mbili,
ndala za Seche namba thelathini.

Seche sasa anavaa thelathini na tisa.

Kwenye ile ya adabu
nisingeliwekea alama faili hili.
Nisingejua kama lipo.

"Mama, imekubali?"
Imekubali.
Akaja na mpakato wake, akibonyeza N kwa ukucha,
"Basi anza na wangu, kabla hawajakata tena."

Saa sita usiku nikaibandika diski plasta ya kidonda,
nikaandika kwa kalamu nyekundu: NZIMA.
Nikaifunga kwenye kipande cha kanga,
nikaiweka juu ya kabati la chumbani,
mbali na joto, mbali na jiko.

Bibi angecheka mpaka akohoe.
Mbegu, mjukuu wangu,
mbali na moshi?