Mito Mitatu

"Unalala na mito mingapi?"
Daktari Shariffa haulizi usingizi. Anauliza maji.
Namjibu: mmoja,
kwa sauti ya mtu aliyelipa kodi ya nyumba mapema.
Kemunto, binti yangu, anatazama dari.

Ukweli ni mitatu.
Wa kwanza wa sufi, aliuacha mama yake.
Wa pili nilishona mwenyewe kwa mabaki ya kochi la mteja.
Wa tatu ni koti la mvua, limekunjwa ndani ya foronya.
Nalala nimeketi, kama mlinzi wa benki,
na saa nane usiku kifua kinajaa
kama mtaro wa Kaloleni mwezi wa Aprili.
Nairobi ina mito yake, Mathare, Ngong,
inapita chini ya madaraja hakuna anayeitazama.
Mimi yangu naiweka shingoni.

Nduku wa maabara hana maswali.
Anafunga mpira juu ya kiwiko, anagonga mshipa kwa kidole
kama anayepiga hodi kwa jirani aliyejificha deni.
"Kunja ngumi, Mzee Ombati."
Nakunja. Kichupa kinajaa,
cheusi kuliko nilivyotarajia, kifuniko cha zambarau.
Anaandika jina, tarehe, saa.
Sina la kuongeza.

Nimekuwa fundi wa makochi miaka arobaini na mmoja,
Gikomba, hadi moto wa pili uliponichoka.
Najua turubai likivutwa kupita kiasi linavyolia:
sauti nyembamba, kabla msumari wa kwanza haujang'oka.
Daktari ananieleza hilo hilo.
Ukuta wa moyo ukivutwa, nao hulia,
ila kilio chake ni protini ndani ya damu,
na mashine huyahesabu machozi.
Juni: elfu nne mia mbili na kumi.
Agosti: elfu moja mia tisa. Siku hiyo tulinunua ndizi.

Leo tunasubiri kwenye benchi lililokwisha sponji.
Mkono wangu unapima mpasuko bila kutumwa.
Kemunto anahesabu noti, anazirudia.
Kipimo hiki kimoja kingeshona kochi la watu wawili, kitambaa juu,
ndiyo maana tunakuja mwezi na kuruka mwezi,
na katikati nakanyaga mizani ya kijana wa shilingi kumi
pale Muthurwa,
jioni nabonyeza kifundo cha mguu
nione kama kidole kitaacha shimo.

Elfu tatu mia sita.

Daktari hakasiriki. Anaigeuza karatasi inielekee.
"Dawa unameza?"
Nameza.
"Chumvi?"
Naanza kuapa, kisha naiona Jumapili:
kona ya Jogoo Road, mutura juu ya ubao,
damu ndani ya utumbo, kifungu cha chumvi pembeni,
vipande vinne. Vitano.
Nikafuta midomo kwa leso, nikaingia nyumbani kama muumini.
Kemunto hakunusa kitu.
Damu yangu mwenyewe ndiyo iliyonichongea.

Nzito kuliko maji, tuliambiwa.
Aliyesema hakuwahi kuvimba miguu.

"Namba si hukumu," asema daktari.
"Figo huichezea, umri nao huipandisha.
Peke yake hainitoshi. Ndiyo maana nauliza mito."

Nimefungia mengi humu kifuani, nikidhani ni kabati:
mkopo wa chama, barua ya hospitali ya kwanza,
usiku ule nilipokaa kwenye ngazi hadi alfajiri
nikamwambia Kemunto nilikuwa nasikiliza redio.
Na kumbe kichupa kimoja, mililita tatu,
kinatosha kuwa dirisha.

Anauliza tena. Kalamu imesimama.
Binti yangu ameacha kutazama dari.

"Mitatu," nasema.
"Na wa tatu ni koti."

Anaandika yote mawili.