Daftari la Nolfa

Tuliuza ng'ombe arobaini na wawili.
Wa mwisho alikuwa yule mwekundu, mbovu wa kwato,
aliyegoma kupanda lori. Nolfa akamnong'oneza sikioni,
akapanda. Hadi leo dada yangu hajaniambia alimwambia nini.
Urithi wa baba ukaondoka kwa magurudumu kumi,
ukarudi kwa matatu:
ndege ya viti vinne, imenizidi umri,
rangi ya maziwa yaliyoganda,
mlango wa kushoto umefungwa kwa mshipi.

Huku Aysén barabara ni ahadi ya serikali.
Kuna mlima, kuna ziwa, halafu mlima mwingine
umeikalia njia kama mama mkwe mlangoni.
Kwa farasi, siku tatu hadi kwa akina Oyarzo.
Nolfa alisema: dakika ishirini na sita.
Nikasema: na upepo je?
Akasema: upepo nao utatuzoea.

Meneja wa benki kule Coyhaique aliuliza dhamana yetu iko wapi.
Nolfa akanyoosha kidole juu.
Meneja akatazama dari.

Miezi kumi na minne tukingoja karatasi za Santiago:
kibali cha kukodisha, kibali cha kufundisha,
kibali cha kuweka mapipa ya mafuta,
muhuri wa kuthibitisha muhuri.
Bima ilikula bei ya injini
na bado ikaomba maji ya kunawa.
Wanasema mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe;
hawakusema kwamba ndege haiendi kwa jasho.
Ikakaa bandani. Kuku akakitwaa kiti cha nyuma,
nami nikaandika, upande wa mapato:
mayai tisa.

Abiria wetu wa kwanza alikuwa godoro.
Tuling'oa viti, tukalikunja, likajikunjua angani
likamkaba Nolfa kisogoni juu ya barafu yote ile.
Bi Hermelinda alilipa nusu kwa pesa, nusu kwa jibini,
akalilalia palepale uwanjani kulijaribu.
Wa pili, padri: alifumba macho tangu kuruka hadi kutua,
akasema alikuwa akisali.
Wa tatu, mama mwenye uchungu, usiku unaingia.
Huyo nilimwandika kwa penseli,
nipate kumfuta.

Na mwanafunzi? Tulitarajia vijana.
Akaja Delmiro, mnyoaji kondoo, miaka sitini na mmoja,
vidole vinanuka mafuta ya manyoya.
Aliushika usukani kama amshikavyo kondoo,
kwa magoti kwanza.
Nolfa: «Usimnyonge. Atakwenda mwenyewe.»
Saa kumi na tisa za mafunzo, kumi na nne kwa deni.

Asubuhi moja, injini ikiwa bado inanguruma,
Nolfa akashuka, akafunga mlango, akafunga mshipi,
akapiga ubavu wa ndege kofi mbili. Nenda.
Akaja kusimama nami kando ya soksi ya upepo.
Hakusema kitu. Alikuwa anabandua ngozi ya kidole gumba.
Mimi nilihesabu: ndege moja, mnyoaji mmoja,
awamu mia moja na nane za mkopo,
vyote vikigeuka polepole juu ya ziwa,
vidogo kuliko nzi kwenye kioo.

Aliigonga changarawe mara tatu kabla ya kutua.
Akashuka, kofia mkononi, kana kwamba ametoka kanisani.
«Nimeliona zizi langu,» alisema.
«Kumbe limepinda.»
Hakungoja hata chai. Alikwenda kulinyoosha.

Mapato ya mwezi ule sitayataja.
Mimi sijawahi kupanda. Mtu mmoja lazima abaki chini
ajue idadi ya mapipa.
Lakini jana, tukiosha vyombo, Nolfa aliniuliza uzito wangu.
Sitini na nane, nikasema, pamoja na viatu.
Akafuta mikono kwa sketi,
akalivuta daftari langu,
akaandika mwenyewe.