Swali la Nne, Alama Tano

Mwalimu Hetal, umeuliza tofauti
ya kifungo cha ioni na cha kovalenti
ukaniachia mistari mitatu.
Nimegeuza karatasi.

Naanza na chumvi, ndiyo iliyonilea,
kibandani, katikati ya jangwa la Rann,
pampu ikikohoa usiku kucha.
Sodiamu ana elektroni moja inayomwasha mwilini,
klorini ana pengo la moja.
Huyu anatoa, yule anapokea. Hawagawani kitu.
Ila aliyetoa haondoki:
alichotoa kimemwachia chaji,
na chaji humrudisha kwa aliyechukua.
Baba alikuwa na mtu wake wa namna hiyo, tajiri wa Kharaghoda,
aliyeinunua chumvi yetu kabla haijaganda.
Kifungo cha jela, basi.

Cha kovalenti ni kifungo cha shati:
pande mbili zimekutana kifuani,
hakuna upande unaoweza kusema shati ni langu.
Kaka Velji na mkewe Champa wananoa almasi Surat.
Wana miwani moja.
Akivaa huyu, yule anashika jiwe kwa kupapasa.
Kaboni nao ndivyo walivyo: kila mmoja mikono minne,
kila mkono umeshika mkono,
elektroni mbili katikati, si za huyu wala za yule.

Ukiigonga punje ya chumvi kwa nyundo
safu moja inateleza hatua moja tu,
chanya anamkuta chanya uso kwa uso,
wanasukumana,
punje inapasuka wima kama iliyopitiwa na wembe.
Almasi nayo hupasuka, Velji ameniapia,
ukijua pa kuigonga.

Na tafadhali usiandike tena ubaoni
kwamba vitu vya kovalenti haviyeyuki.
Sukari je? Mama huikoroga kila alfajiri.
Wanaoachana ndani ya chai ni majirani;
wanandoa wanabaki wameshikana.
Hata mvua ya Juni, ile inayotufilisi,
inayokuja kulamba kazi ya miezi minane,
kila chembe yake ni hidrojeni wawili na oksijeni mmoja,
kovalenti tupu.

Baba tulipomchoma, nyayo hazikuungua.
Chumvi ilikwisha kuzikaza.
Tukazizika kando, ndani ya chumvi.
Hicho sijui ni kifungo gani,
nimekitafuta kitabuni sikukiona.

Kengele hiyo.
Sijafika kwenye umeme.