Mwenyeji Apone

Tangazo lilisema: Mtunza Ghala, nafasi moja.
Moja. Hilo neno nilipaswa kulisoma mara mbili.
Lilibandikwa Sikonge, ukutani, jirani na mashine ya kusaga,
kona imeliwa na mbuzi, tarehe ya mwisho imesazwa.
Nikatoa vivuli vya vyeti, kila kimoja nakala tatu.
Hakimu wa mahakama ya mwanzo akagonga mhuri
kana kwamba anaua mende.

Viatu vilikuwa vya Nyamizi, namba thelathini na nane.
Mimi navaa arobaini.
Basi la saa kumi na moja alfajiri, bahasha mapajani,
njia nzima sikuegemea kitu, isije ikakunjika.

Tabora, nyuma ya Cheyo, kwenye ghala la ushirika:
harufu ya nta, magunia, panya.
Mlango umekwama. Akaja mwanamume wa shati la kijivu,
akaunyanyua kidogo, akaupiga goti, ukafunguka.
"Mwangaluka," akasema. Nikaitika.
Ndiye aliyepanga mabenchi,
ndiye aliyetuandikia namba kwa kalamu ya bluu,
ndiye aliyenielekeza chooni:
"Bomba la kushoto ndilo lenye maji, dada."
Nikamshukuru. Nikapewa tisa.

Ndani, watu watatu na feni isiyozunguka.
Mama mwenye miwani kifuani akauliza:
"Mzani mkubwa ukipunja kilo mbili, utafanyaje?"
Nikamwaga kitabu kizima:
wakala wa vipimo, taarifa kwa maandishi, kusitisha upokeaji.
Wakatazamana. Mmoja akatabasamu kuelekea dirishani.
Huko nje mzani ulikuwepo, mkubwa, umepauka,
na juu yake jiwe dogo jeusi
ambalo mtu fulani aliliweka, akijua uzito wake.

Kisha chai ikaingia. Shati la kijivu, sinia, vikombe vitatu.
Hakuuliza mtu.
Cha mwenyekiti hakikutiwa sukari.
Ningekuwa na akili, ningeinuka hapo hapo.

Barua ilichukua wiki saba.
"Tumevutiwa na ari yako." "Tunakutakia kila la heri."
Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa,
haikubadilika.
Binamu yangu wa Isevya ndiye aliyenieleza:
Kasanda Mihayo, miaka sita anakaimu.
Tangazo ni utaratibu tu, lazima likae ukutani.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Nilikwenda. Akapona.

Nilijaribu kumchukia.
Nilimpa siku tatu nzima, na usiku wake.
Lakini miaka sita!
Miaka sita ya kusaini chini ya "kny.",
jina la mwingine juu, wino wake chini,
mshahara ule ule wa mpanga mabenchi.
Na siku ya cheo chake mwenyewe
akapokea wageni kumi na sita waliokuja kukichukua,
akawaonyesha maji.

Kumi na sita, kwa sababu wa kumi na saba ni yeye.
Nimekumbuka juzi, nikipepeta mchele:
kikaratasi mfukoni mwa shati, kimekunjwa,
bluu ikionekana kwa nje.
Alijiandikia namba. Akajiweka mwisho.

Basi sina wa kumchukia ila nauli.
Na yule aliyehesabu watu kumi na saba
akaona vyema tupande mabasi.
Debe mbili za mahindi ya mama, hizo sijasamehe,
wala sijui nizidai kwa nani.

Viatu nimevirudisha. Nyamizi anasema vimepanuka.

Jana mvua ya kwanza. Mlango wetu wa jikoni umevimba.
Mke mpya wa jirani alikuja kuomba kaa la moto,
akasukuma, akasukuma, akaniita.
Nikamjibu toka ndani, mikono imejaa unga:
nyanyua kidogo.
Halafu goti.