Herufi T

Shemasi Okumba amezileta katika bahasha ya sadaka,
fyuzi saba za Jumapili saba,
akazimwaga juu ya meza yangu hapa Kondele
kama mtu anayenidai.
"Mama Kageha, amplifaya hii ina pepo.
Wiki hii inawaka, wiki ijayo inakataa.
Tumeiombea."

Asiyejua kufa na atazame kaburi:
nikayainua makaburi ya kioo kwenye mwanga, moja moja.
Hakuna lililopakwa masizi.
Kioo cheupe pe, uzi umekatika katikati tu,
kwa usafi, kama ahadi.
Nyaya hazikugusana humu ndani.
Hizi zimeuawa na salamu.

Nikafungua kifuniko. Transfoma ya duara,
nzito kama mtoto mchanga aliyeshiba,
imejivika shaba safu juu ya safu.
Ikishaamka hunywa ampea mbili, kwa adabu.
Lakini kule kuamka!
Chuma hakilali bila kuota.
Sumaku ya jana hubaki mifupani mwake,
na ukibonyeza swichi umeme ukiwa unavuka sifuri,
unaelekea upande ule ule wa ndoto,
chuma kinashiba, kinavimbiwa, hakizuii tena kitu,
mkondo unaingia kama Nyando mwezi wa Aprili:
ampea arobaini, hamsini,
kabla ukope haujamaliza kushuka.
Kisha mbili. Kisha adabu.

Si pepo, Shemasi.
Ni mahali kidole chako kilipolikuta wimbi.

"Basi tia ya kumi na tatu tumalize."
Rading', mwanafunzi wangu, akacheka puani.
Kule Manyatta aliwahi kuona mashine ya kinyozi
iliyofungwa karatasi ya sigara mahali pa fyuzi.
Haikukatika hata siku moja.
Kilichokatika ni paa.

Ya kumi na tatu itakaa tu ikitazama
shaba ikichomeka polepole kwa ampea nane
mpaka waimbaji wa sauti ya tatu wanuse vanishi
wakidhani ni ubani.

Mimi nilifukuzwa kazi Nakuru siku ya kwanza,
saa mbili na robo asubuhi.
Niliingia kwa kishindo: nikaangusha spana,
nikamsahihisha fundi mkuu mbele ya watu,
nikacheka mno.
Bwana Chelule alikuwa fyuzi ya haraka.
Hadi leo naamini
kufikia saa nne ningekuwa nimetulia.

Navaa miwani. Mkebe wa mafuta ya kupikia
umejaa fyuzi, na herufi ninayoitaka
imegongwa kwenye kofia ya bati,
ndogo kuliko punje ya wimbi
(lile la uji, si lile la umeme).
F, F, F, hii haisomeki, F.
T.
Tatu nukta moja tano.
Uzi wake umejisokota, una tone la risasi tumboni.
Joto la ghafla hulimeza, likalitafakari.
Joto linalohamia na virago vyake
halisamehewi.

"Washa," namwambia Rading'. "Zima. Ngoja. Washa."
Shemasi anahesabu kwa Kijaluo, kofia mkononi,
achiel, ariyo, adek,
na kwenye ya sita transfoma ikaguna nguu!
taa ya kibanda ikainama,
uzi ndani ya kioo ukatikisika
kama utepe wa mtu aliyepita mbio,
ukabaki.
Hakuna aliyesema kitu hadi ya kumi.

Alilipa kwa sarafu, za sadaka bila shaka.
Bahasha aliiacha, ila fyuzi saba alizikusanya
akazifunga katika leso.
Mweka hazina, alisema, hataamini
bila kuona maiti.