Papai la Kamanyola

Siku ya nne, baba hakusema.
Balagizi fundi cherehani, aliyepima viuno vya nusu ya Kadutu
bila kuona haya,
hakuwa na neno la kumwambia binti yake
kwamba tumbo limefunga milango
kama soko siku ya mji kufa.

Nilijua kwa sahani: bugali haujaguswa.
Nilijua kwa jinsi alivyougeukia ukuta.
Paja lilivunjika kwenye ngazi za udongo, mvua ya Machi;
dawa za maumivu zikalilaza paja,
zikalaza na utumbo.

Nesi Cishugi alikuja viatu mkononi, matope hadi vifundoni.
Akabonyeza hapa, akabonyeza pale,
akauliza kwa sauti iliyofika kwa jirani:
"Mzee, choo lini?"
Baba akatazama juu
kana kwamba jibu limeandikwa kwenye bati.

"Sitaki dawa ya kupigana na dawa," nesi akaniambia mlangoni.
"Nenda Nyawera, tafuta papai lililoiva.
Na maji, binti, maji.
Nyuzinyuzi bila maji ni kamba kavu."

Mapapai hayapendi baridi ya vilima vyetu.
Yanatoka bondeni, Kamanyola, ambako jua halibembelezwi,
yanapanda Ngomo juu ya lori, kona kwa kona,
upande huu mlima, upande ule hewa tupu.
Mama Nsimire aliyapanga kwa umri:
ya kesho, ya leo, ya sasa hivi.
"La mgonjwa?" Akaligonga, akalinusa kikonyoni.
"Hili halisubiri."
Akapunguza franka mia mbili,
akatupia ndimu bila kuhesabu.

Nililipasua juu ya meza ya cherehani.
Rangi ile! Kitenge kabla hakijafuliwa mara ya kwanza.
Nesi alisema mwili huigeuza rangi hiyohiyo
ikawa chakula cha macho.

"Papayi ni chakula ya watoto wenye hawana meno," baba akasema.
"Basi nitakula mwenyewe."
Nikala mbele yake, polepole, nikilamba vidole.
Kimya.
Kisha mkono ukanyooshwa,
mkono uleule wa kupimia,
vidole viwili vikikadiria upana wa kipande.

Jioni kipande. Asubuhi kipande, na vikombe viwili vya maji.
Siku ya pili, jogoo wa jirani hajamaliza,
nikasikia magongo yakielekea uani,
mbio, mbio zisizo za mtu wa paja bovu.
Alikaa huko muda mrefu.
Alirudi akipiga mluzi.

Sitasema uongo: papai haliungi mfupa.
Hata uzi bado ananiita nimpitishie kwenye sindano.
Ila alimaliza bugali, akaomba sombe ya kuongeza,
akagombana na redio.

Jana nilitafuta kifungo cheusi cha koti la mteja.
Ndani ya kopo la vifungo vidole vikagusa mbegu,
kavu, zenye makunyanzi,
nyeusi kati ya vyeusi.
"Baba, huku hazitaota. Baridi."

Hakuinua kichwa.
"Nani amekuambia ni za kupanda?
Fundi anaweka vipimo vya mteja
mwenye alilipa."