Mkate Ulichelewa

Saa kumi kasorobo usiku, Mieres imelala fofofo,
mto unapita chini ya daraja bila kumwamsha mtu,
na ghorofa ya pili, juu ya duka la mikate,
Honorino anaketi kitandani kama aliyeitwa jina.

Hakuna aliyemwita. Ni kifua.
Kikohozi cha kwanza kikavu, cha pili kizito,
cha tatu kinatikisa glasi ya meno ya bandia.
Etelvina hafumbui macho. Mkono wake unajua
mto wa ziada uko wapi, na mgongo uko wapi.

Miaka ishirini na sita aliingia shimoni jua likizama,
akatoka kwenye mwanga asioutaka,
akalala mchana, mapazia yamebanwa kwa pini.
Makaa yalimlipa, yakambakizia vumbi.
Shimo lilifungwa, king'ora kikauzwa vyuma chakavu.
Kifua hakikupata habari.

Daktari Nieves alimchorea nyuma ya bahasha:
"Kila chembehai ya pafu lako ina saa yake.
Usiku ukishakomaa, homoni inayotuliza uvimbe
hupungua, njia za hewa hujifinya,
kwa kila mtu, hata kwangu.
Ila zako ni nyembamba tangu jioni,
na saa zako, kwa vumbi na kwa zile zamu,
hazisikilizani tena."
Honorino akageuza bahasha juu chini.
"Kumbe nina mafundi saa milioni humu ndani,
na hakuna hata mmoja mwenye miwani."

Akapewa daftari na kipima pumzi.
Jioni: mia tatu na kumi. Alfajiri: mia moja na tisini.
Jioni: mia tatu. Alfajiri: mia moja na themanini,
na matusi mawili, kwa mwandiko uleule.
Basi daktari akaihamisha dawa ya asubuhi
ikawa ya jioni, baada ya supu.

Huko chini, Belarmino mwoka mikate hana saa ukutani.
Kikohozi cha kwanza, anakoleza moto.
Cha tatu, anaingiza mikate.
Miaka kumi na mmoja hivyo, na hajamwambia mtu.

Jumanne ile dari ilinyamaza.
Belarmino alisimama, unga umemfika viwikoni,
akasikiliza. Akasikiliza tena.
Kisha akapanda ngazi mbilimbili, akagonga
kwa kiganja, akiacha mlangoni alama nyeupe.

Honorino alifungua, nywele zimelala upande mmoja,
na hasira za mtu aliyekatiwa usingizi mtamu.
"Nani amekufa?"
Belarmino alicheka, au alilia;
ngazini kulikuwa na giza.

Siku hiyo mtaa ulikula mkate saa tatu, ukinung'unika.
Etelvina hakuufuta mlango mpaka Jumapili.
Alhamisi kikohozi kilirudi, lakini saa kumi na moja,
kimoja tu, kama mtu anayeomba njia.

Belarmino amenunua saa ya kengele.
Ameiweka rafu ya juu, karibu na chumvi,
na bado, kabla hajagusa kuni,
huinua uso.